Dedlaini

Dedlaini, yaani deadline ya Kiingereza, ni muda wa mwisho uliowekwa ili kazi ikamilike, fomu irudishwe au deni lilipwe. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni mauti, ya pili ni mstari. Mstari wenyewe uliwahi kuwapo kweli, na aliyeuvuka alipigwa risasi.

Ulikuwa Andersonville, jimbo la Georgia, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Februari 1864 jeshi la Kusini lilifungua hapo kambi ya mateka wa Kaskazini. Ilikusudiwa watu 10,000. Agosti ilikuwa imefurika zaidi ya 30,000. Hatua chache ndani ya ukuta wa magogo vilisimikwa vigingi vifupi, vikapigiliwa ubao mwembamba juu yake. Uzio wa namna hiyo hata mbuzi angeuruka. Lakini juu ya ukuta walikaa walinzi wenye bunduki, na kiu ilikuwa kali: wapo waliouawa kwa kupitisha mkono tu chini ya ubao, pale kijito kilipoingilia, ili wachote maji yasiyochafuliwa na wenzao. Mateka wapatao 13,000 walifia kambini humo, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo. Msimamizi wake, Kapteni Henry Wirz, alinyongwa mjini Washington tarehe 10 Novemba 1865. Mstari huo ulitajwa katika mashtaka yake.

Wachapaji nao walikuwa na mstari wa jina hilo kwenye mashine: herufi zilizoupita hazikutokea karatasini. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanahabari wa Marekani wakalihamishia neno kwenye saa, na mwaka 1920 ikatoka filamu isiyo na sauti iitwayo Deadline at Eleven.

Matangazo rasmi ya Kiswahili husema "tarehe ya mwisho" au "mwisho wa kupokea maombi". Magazeti ya Kenya hupenda "makataa", ila hayo ni makali zaidi. Makataa hutolewa na mwenye kushikilia kitisho, kama chama cha wafanyakazi kinachompa mwajiri siku saba kabla ya mgomo. Mwanafunzi anayemalizia tasnifu yake hajipi makataa. Yeye ana dedlaini. Neno limekaa vizuri katika ngeli ya I-ZI: dedlaini imesogezwa, dedlaini zimegongana.

"Si ulisema Ijumaa?"

"Imerudishwa nyuma. Ni leo, saa kumi."