Ugumu na Unyumbufu: Tarehe ya Msumeno wa Kukatia Chuma

Tangu binadamu alipoanza kukata chuma kwa chuma, mafundi wamekabiliwa na mushkili mmoja usioepukika, nao ni kwamba jino la msumeno sharti liwe gumu kupita kitu linachokikata, ilhali feleji ikizidi ugumu huvunjika kama kigae kwa mpindo mdogo tu.

Katika miaka ya 1740 mtengeneza saa wa Doncaster, Uingereza, jina lake Benjamin Huntsman, alichoshwa na feleji ya zama zile, ambayo huku ilikuwa ngumu na huku laini, hata kamani za saa zake zikawa si za kutegemewa. Akahamia karibu na Sheffield, akaiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo kwa moto mkali mno, mpaka ikawa ya hali moja mwanzo hadi mwisho. Yasemekana wafua visu wa Sheffield waliikataa wakidai kuwa haifuliki, naye akaiuza Ufaransa; na visu vya Kifaransa vilipowashinda sokoni, ndipo walipomrudia.

Hata hivyo, feleji safi haikumaliza shauri. Ubapa wa msumeno hukatwa meno ungali laini, kisha hupashwa moto hata ukawa mwekundu, ukazamishwa katika maji au mafuta, na papo hapo huwa mgumu lakini mwepesi wa kuvunjika. Basi fundi huupasha tena kwa moto wa taratibu, akitazama rangi ipitayo juu ya feleji iliyosuguliwa: manjano ya nyasi kavu ni dalili kwamba ugumu ufaao kwa meno ungaliko, na buluu ni dalili kwamba feleji imelegea na kupata unyumbufu wa kamani. Moto mmoja haukuweza kutoa sifa zote mbili kwa ukamilifu. Kwa sababu hiyo baadhi ya viwanda vilitia ugumu menoni peke yake, mgongo ukaachwa laini.

Mwaka 1868 Robert Mushet alitoa feleji yenye tangsteni iliyokuwa ngumu kwa kupozwa hewani tu, na ilipokaribia 1900, Frederick Taylor na Maunsel White, huko Bethlehem nchini Marekani, wakapata njia ya kuifanya feleji ya namna hiyo ihifadhi makali hata ikiwa nyekundu kwa joto. Hatimaye, katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, ukanda mwembamba wa feleji hiyo ukaungwa kwenye mgongo wa feleji nyumbufu, na zile sifa mbili zilizokuwa zikishindana zikakaa katika ubapa mmoja.

Anayenunua msumeno leo ananunua matunda ya jitihada hizo. Ubapa mgumu mwili mzima humfaa mwenye mkono thabiti na kazi iliyobanwa barabara kwenye jiliwa; ule wa feleji mbili huvumilia mahali pa taabu. Meno 18 kwa inchi hufaa nondo na vyuma vinene, 24 mabomba, na 32 bati na mabomba membamba, mradi meno yasiyopungua matatu yaguse chuma wakati wote, kwani yakipungua, ukingo wa chuma hulinasa jino na kuling'oa. Meno huelekezwa mbele, na nguvu hutiwa katika kusukuma, si katika kuvuta. Ubapa mpya nao usiingizwe katika mkato ulioanzwa na ubapa uliochakaa, kwa kuwa mkato huo ni mwembamba na utaukwamisha. Heri kuanza upande wa pili. Asiyezingatia haya hulaumu kiwanda kwa meno yaliyong'oka, hali feleji ilikuwa njema na kosa lilikuwa katika uteuzi.