Taa za Omena: Ziwa Victoria na Historia ya Mwanga Wake

Omena havuliwi mwezi ukiwa mpevu. Wavuvi wa Dunga pale Kisumu wanalijua hilo, na wa Mbita, Usenge na visiwa vya Mfangano na Remba wanalijua vilevile. Mbalamwezi ikitanda, samaki hutawanyika na taa ya boti haina wa kumwita. Wengi huitumia wiki hiyo kushona nyavu na kupaka mitumbwi lami. Giza likirudi, taa zinarudi majini, na ziwa linameremeta hadi alfajiri.

Omena, ambaye wanasayansi humwita Rastrineobola argentea, ndiye dagaa wa upande wa Tanzania na mukene wa Uganda. Urefu wake haufiki sentimita 10. Mchana hushuka kilindini, usiku akapanda kula vijidudu vinavyoelea na mabuu ya wadudu. Vijidudu hivyo huvutwa na mwanga, naye huvifuata. Wavuvi walilijua jambo hili kwa kulitazama, usiku baada ya usiku.

Hata hivyo, kwa muda mrefu omena hakuwa samaki wa biashara kubwa. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, katika kituo cha Port Florence ambacho leo ni Kisumu, samaki aliyetafutwa ni ngege. Nyavu za kitani ziliingia ghuba ya Winam mwaka 1905, na kufikia 1927, Michael Graham alipotumwa kulichunguza ziwa, ngege alikuwa amekwisha kupungua. Omena alivuliwa karibu na ufuo, kwa vikapu na mitego ya mafunjo, akaliwa nyumbani.

Uvuvi wa mwanga una mizizi mirefu zaidi kwenye Ziwa Tanganyika, ambako wavuvi walikuwa wakiwasha moto wa kuni kwenye mitumbwi ili kuwakusanya dagaa. Katika miaka ya 1950 kuni ziliipisha karabai, taa ya mafuta yenye pampu, kule. Katika Ziwa Victoria uvuvi wa aina hiyo ulishika miaka ya 1960, ukapata nguvu kamili baada ya kuja kwa mbuta, yaani sangara. Samaki huyo aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amemaliza aina nyingi za samaki wadogo wa asili. Omena, anayezaana upesi na kuishi maji ya wazi, alinusurika. Leo kwa uzito anaongoza kati ya samaki wanaovuliwa ziwani.

Karabai yenyewe ilitoka mbali. Carl Auer von Welsbach wa Austria alisajili kisoksi chake cha taa mwaka 1885: kitambaa kilicholowekwa chumvi za madini, ambacho kikishaungua hubaki jivu jepesi linalotoa mwanga mkali linapopata moto. Miaka 25 hivi baadaye, Max Graetz wa Berlin aliunganisha kisoksi, tangi la mafuta ya taa na pampu ya mkono, ikapatikana Petromax. Taa za mtindo huo, nyingi zikitengenezwa China, ndizo zilizojaa maduka ya Kisumu, Homa Bay na Mbita.

Kazi yake ilidai mkono mtulivu. Jioni mvuvi alijaza tangi, akapampu, akawasha, kisha akaifunga taa juu ya chelezo kidogo cha mbao. Boti ilitega taa kadhaa kwa mstari, zikaachwa zivute samaki kwa saa nyingi, halafu zikasogezwa polepole mpaka zikakutana ndani ya duara la wavu. Ukizivuta kwa pupa, samaki wanatoka kwenye mwanga. Wimbi moja likirusha maji kwenye kioo chenye moto, kioo kinapasuka. Mtikiso mmoja mkali na kisoksi kimekuwa vumbi. Kila usiku mafuta yalinunuliwa kwanza, kabla omena hajaonekana. Hesabu za alfajiri zilianza na deni hilo, na usiku wa kurudi mikono mitupu uliwaumiza wafanyakazi wa boti kuliko mwenye boti.

Mwaka 2008 kampuni ya Osram, ikishirikiana na Global Nature Fund, ilifungua Mbita kituo cha sola cha kuchajia taa na betri. Mvuvi aliweka amana, akachukua taa iliyojaa, asubuhi akairudisha. Taa za LED zikaendelea kushuka bei, na mafundi wa ufuoni wakaanza kuziunga wenyewe kwenye betri za pikipiki. Kisha Septemba 2018 serikali ya Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kukomesha uchanganyaji wake na dizeli. Tozo hiyo haikuwalenga wavuvi, ila iliwapata, na iliisukuma karabai nje ya boti kwa nguvu ambayo hotuba za mazingira hazikuwa nayo. Mwaka uliofuata ilianzishwa kampuni ya WeTu, inayokodisha taa za sola kwa wavuvi wa ziwa hili.

Kuna swali ambalo LED imelileta na karabai haikuliuliza: mwanga wa rangi gani? Mpiga mbizi wa Malindi au Watamu anajua kwamba baharini rangi nyekundu hupotea kwanza na buluu hudumu. Ziwa Victoria, lenye mwani na udongo mwingi, hufanya kinyume: buluu ndiyo inayomezwa upesi. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wa visiwa vya karibu na Mwanza walivyojigawa kwa jambo hilo. Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu, hukaa maji ya juu, na Pundamilia nyererei mwenye wekundu hukaa chini zaidi, kila mmoja akiwa na macho yanayofaa mwanga wa kwake. Kwa hiyo taa nyeupe yenye ubuluu mkali, inayong'aa vizuri dukani, inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake katika maji mazito ya Winam.

Jambo zito zaidi kuliko rangi ni idadi ya taa. Sheria ya Kenya huufunga uvuvi wa omena kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, na hudhibiti tundu la wavu. Zamani bei ya mafuta ya taa nayo ilikuwa mlinzi wa ziwa, kwani hakuna aliyetaka kuwasha taa asizoweza kuzilipia. Mlinzi huyo ameondoka. Kamati za fuo zinapokutana kabla ya msimu kufunguliwa Agosti, idadi ya taa kwa kila boti inastahili kuwa ajenda, na wa kuulizwa kwanza ni wale wanaozitega.