Walokole wa Kigezi na Upumbavu wa Msalaba

Anayevuka kizuizi cha Bunagana akitoka Rutshuru huingia Bufumbira, upande wa Uganda, na kukuta lugha anayoielewa na majina ya koo anazozijua. Mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikutana Brussels na kukubaliana mpaka upite wapi; ndugu wakajikuta chini ya bendera tofauti. Mbele ya Kisoro barabara hupanda milima mpaka Kabale, mji ambamo Septemba 1935 mkutano wa uamsho wa Kikristo uliitikisa eneo zima la Kigezi.

Chanzo cha uamsho huo kilikuwa Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wa hapo, Joe Church, alikuwa amekutana na Mganda Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakaketi na Biblia pamoja kama ndugu, jambo lisilo la kawaida kati ya Mzungu na Mwafrika wa siku hizo. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha Gahini na kuhubiri Kabale. Alifariki Januari 1936, bado kijana, lakini uamsho haukuzikwa naye.

Ili kuuelewa uamsho huo, kumbuka kwamba Biblia inamtazama mpumbavu kwa namna mbili. Katika Mithali ni yule asiyekubali kukaripiwa, mvivu, mwenye mdomo mwepesi. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anapindua mambo: msalaba ni upuuzi machoni pa wajuzi wa dunia, na Mungu ameuchagua huohuo. Walokole, yaani waliookoka katika uamsho huo, walizishika namna zote mbili kwa nguvu, na hapo ndipo vurugu zilipoanza.

Katika mikutano yao mtu alisimama mbele ya wenzake akataja jembe aliloiba, mbuzi wa jirani, fedha za ofisi, mke wa mtu. Hakuna aliyemshuku; alijishtaki mwenyewe! Kesho yake alikwenda kulirudisha jembe hilo kwa mwenyewe. Wenzake walimkumbatia, wakaimba Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda uliovuka mipaka yote ya nchi hizi. Kwa wazee wengi wa ukoo, huo ulikuwa wazimu mtupu: mwenye akili timamu hufunika aibu ya nyumba yake. Ni vigumu kuwalaumu. Katika jamii ambayo heshima ya mtu ndiyo dhamana yake, kuungama hadharani kulikuwa kujivua nguo sokoni.

Walokole nao hawakuwa malaika. Baadhi yao waliwatangaza wachungaji wao kuwa hawajaokoka, na ukali huo uliumiza makanisa mengi.

Mwaka 1941 ugomvi ulifika Mukono, kwenye chuo cha theolojia cha Askofu Tucker. Wanafunzi wa uamsho waliamka kabla ya mapambazuko kusali na kuhubiri, uongozi ukawakataza, wakakataa kutii. Ishirini na sita wakafukuzwa, akiwemo William Nagenda. Kwa hesabu za dunia alikuwa amepoteza kila kitu: ukasisi, mshahara, nyumba ya kanisa. Hakuwekewa mikono kamwe, lakini baadaye alihubiri hadi Ulaya, na makanisa ya huko yakamsikiliza.

Mtihani mgumu zaidi ulimfikia Festo Kivengere, mwana wa Kigezi aliyezaliwa mwaka 1919, mwalimu aliyeokoka katika uamsho huo na kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alijua kwamba zamu yake ilikuwa karibu. Yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda.

Akiwa uhamishoni alitoa kitabu ambacho jina lake lilitamka wazi kwamba anampenda Idi Amin. Kusamehe hakukumfanya anyamaze: aliendelea kuyataja mauaji hadharani, akachangisha misaada kwa wakimbizi Waganda, na Amin alipong'olewa mwaka 1979 alirudi Kabale kulijenga upya kanisa lake, kazi aliyoifanya mpaka kifo chake mwaka 1988.