Dawa ya Moyo Iliyotoka Kwenye Baruti

Katika viwanda vya dinamiti vya Ulaya na Marekani, Jumatatu ilikuwa siku ya kuumwa kichwa. Mfanyakazi alitoka mapumzikoni, akaanza kushika nitrogliserini, na haikuchukua muda kichwa kinamgonga, uso umemwiva, moyo unamwenda mbio. Siku ya pili anapata nafuu. Kufikia katikati ya wiki hana habari, ingawa anashika kitu kile kile. Mwili umeshazoea. Akipumzika Jumapili mazoea yanamtoka, na Jumatatu mateso yanaanza upya. Wajanja walipaka kidogo kwenye utepe wa ndani wa kofia wakaenda nayo nyumbani, ili mwili usisahau.

Kimiminika hicho kilitengenezwa na Ascanio Sobrero, mkemia wa Torino, Italia, mwaka 1847. Alionja kidogo tu, kichwa kikamuuma vibaya. Alfred Nobel ndiye aliyekifanya biashara ya kupasulia miamba, baada ya mdogo wake, Emil, kufa katika mlipuko mjini Stockholm mwaka 1864.

Habari ya kichwa kuuma haikuwapita madaktari. William Murrell wa Hospitali ya Westminster, London, alilamba kizibo cha chupa yenye nitrogliserini iliyozimuliwa, kisha akaendelea kuona wagonjwa. Muda si muda mapigo yake yalikuwa na nguvu kiasi kwamba kalamu ilirukaruka mkononi kwa kila pigo. Mtu mwingine angeitupa chupa. Yeye alianza kuwapa wagonjwa wanaobanwa kifua matone machache, na mwaka 1879 akaandika matokeo yake katika jarida la The Lancet: mishipa ilitanuka, maumivu yakapungua. Nobel mwenyewe aliandikiwa dawa hiyo mwaka 1896, miezi michache kabla ya kufa. Katika barua alicheka kwamba wameipa jina la Trinitrin ili wasiwatishe wauza dawa na watu.

Kidonge cha kuweka chini ya ulimi hakikuleta tabu ya mazoea, kwa sababu hufanya kazi kwa dakika chache kisha huisha mwilini. Tabu ilianza watu walipotaka kinga ya mchana na usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaingia sokoni plasta za dawa: unabandika kifuani, inatoa nitrogliserini polepole kwa saa 24, kesho unabandika nyingine. Ziliuzwa sana. Lakini watafiti walipowatembeza wagonjwa kwenye mashine ya mazoezi waliona ajabu. Dawa imo kwenye damu kama inavyotakiwa, ila kufikia siku ya pili mgonjwa anabanwa kifua karibu sawa na asiyepewa kitu. Hapa wataalamu hawana utetezi mkubwa, maana vibarua wa dinamiti walikuwa wameshawaonyesha jambo hilo, tena bure, tangu karne ya 19.

Jibu nalo lilitoka kiwandani: mpe mwili Jumapili yake. Plasta ikabandikwa asubuhi na kubanduliwa usiku, mwili ukae saa 10 hadi 12 bila dawa.

Kisayansi, sababu ilichelewa kujulikana. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Murad, waliogundua kazi ya gesi ya oksidi ya nitriki katika kutanua mishipa. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitambua kimeng'enya kinachosaidia kuitoa gesi hiyo ndani ya nitrogliserini. Dawa yenyewe hukilemaza kimeng'enya hicho kadiri inavyotumika, na hiyo ni mojawapo ya sababu za mwili kuizoea.

Mapumziko nayo yana hatari yake. Mwaka 1972 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha silaha walioshikwa na maumivu ya moyo baada ya kukaa siku chache mbali na kazi. Mishipa iliyozoea kutanuliwa ilijibana. Kwa hiyo mgonjwa hajikatizii dawa mwenyewe. Saa za kuipumzisha hupangwa na daktari. Anayetumia vidonge vya isosobaidi mononitreti, dawa ya jamii moja na nitrogliserini, mara mbili kwa siku, kwa mfano, huambiwa ameze kimoja saa mbili asubuhi na kingine saa tisa alasiri, badala ya kuviachanisha saa 12. Kama kifua humbana usiku, daktari humwongezea dawa ya aina nyingine ya kumlinda saa zile.