Bagira, Ncha ya Mbali ya Mkondo

Anayeuliza kwa nini taa za Bagira, kitongoji cha mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, huwa hafifu saa moja jioni huelekezwa mtoni. Huambiwa kwamba maji ya Ruzizi yamepungua, mitambo imezeeka, na watu wamekuwa wengi kuliko megawati. Majibu hayo yana ukweli, lakini yanaruka sehemu kubwa ya safari. Kituo cha kwanza cha umeme cha Ruzizi kiko Mururu, muda mfupi baada ya mto kutoka Ziwa Kivu na kuanza kuteremka takriban mita 690 hadi Ziwa Tanganyika. Bagira iko upande wa pili wa mji, kaskazini-magharibi, baada ya kupita njia ya kiwanda cha bia cha Bralima. Kati ya Mururu na taa ya Bagira kuna nyaya, transfoma, kabini za kugawia umeme mitaani, nguzo na viunganisho, na kila kimoja kina historia yake. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya umeme wa Bagira ni historia ya njia kuliko ya maji, na kwamba somo ambalo wanafunzi wa uhandisi huliogopa kuliko yote, uchambuzi wa saketi za mkondo geu, ndilo linalotuwezesha kuisoma.

Bagira haikuota yenyewe. Ni kitongoji kilichochorwa kwenye karatasi katika miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipotekeleza mpango wake wa miaka kumi na kuunda, mwaka 1952, ofisi ya ujenzi wa makazi ya Waafrika iliyojulikana kwa herufi OCA. Ofisi hiyohiyo ilijenga Matete na Bandalungwa kule Léopoldville (Kinshasa ya leo), na Ngagara kule Usumbura (Bujumbura ya leo), ambako wazee hadi leo husema OCAF. Nyumba za Bagira zilipangwa kwa safu, mitaa ikapewa herufi badala ya majina, na mahitaji ya kila familia yakakadiriwa. Wakati huohuo Mururu palikuwa na kazi: mitambo miwili ya mwanzo ya Ruzizi ilianza kuzunguka mwishoni mwa muongo huo, na mingine miwili ikaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, jumla ikafika kama megawati 28. Kwa hiyo mji wa karatasi na umeme wa mto ni wa rika moja. Mzigo ambao mpangaji wa wakati ule angeweza kuufikiria kwa nyumba kama hizo ulikuwa balbu chache, pasi, na redio kwa mwenye uwezo. Nani angewaza kwamba chakula cha Bagira kingekuja kupikwa kwa waya?

Ruzizi haikujengwa kwa ajili ya Bukavu peke yake. Umeme wake ulitakiwa pia Usumbura, zaidi ya kilometa mia kusini, na baadaye ukapanda kaskazini hadi Goma. Hapo ndipo mkondo geu unapoonyesha sababu ya kuwepo kwake. Megawati 20 zikisafirishwa katika fazi tatu kwa volti 70,000, kila waya hubeba kama ampea 165. Megawati hizohizo kwa volti 380 zingedai zaidi ya ampea 30,000, na hakuna nguzo duniani ya kubeba shaba ya namna hiyo. Transfoma ndiyo inayopandisha volti huku na kuzishusha kule, na transfoma haifanyi kazi kwa mkondo mnyoofu. Lakini mkondo unaokamilisha mizunguko 50 kwa sekunde ulileta mtihani wake: volti na ampea haziendi pamoja tena, moja hutangulia na nyingine hufuata, na hesabu za kawaida hazitoshi. Oliver Heaviside wa Uingereza aliupa ukinzani wa saketi za namna hiyo jina la impedansi katika miaka ya 1880. Mwaka 1893, kwenye kongamano la Chicago, Charles Steinmetz, mhamiaji aliyekuwa ameikimbia Ujerumani kwa sababu za siasa, alionyesha jinsi namba changamano zinavyogeuza milinganyo ya kutisha kuwa jumla na mgawanyo. Chombo hicho cha Steinmetz ndicho kinachofundishwa leo Goma, Kinshasa na Lubumbashi, mara nyingi kwa mifano isiyo na mahali: chanzo cha volti, koili, kapasita, na jibu kwenye ukurasa wa mwisho.

Tukipe chombo hicho mahali. Chukua resho, yaani jiko dogo la umeme, ya wati 1,000 iliyotengenezwa kwa volti 220. Waya wake wa joto una ukinzani wa kama omu 48, na ukinzani huo haubadiliki sana. Ikifika jioni, kila nyumba inapika, mkondo mkubwa unapita kwenye waya uleule mwembamba wa mtaa, na kila mita ya waya inameza volti kidogo. Nyumba za karibu na kabini zinapata 210, za katikati 190, za mwisho 170. Resho yetu ikipata 170 haitoi wati 1,000 tena. Inatoa kama 600. Volti zimepungua chini ya robo, joto limepungua kwa asilimia 40, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Maharage yaliyohitaji saa moja sasa yanahitaji saa moja na dakika arobaini, na kwa kweli zaidi, maana sufuria nayo inapoteza joto muda wote huo. Matokeo yake ni kwamba mama wa nyumba ya mwisho anaiacha resho muda mrefu zaidi, jirani yake vivyo hivyo, na saa za kupika zilizokuwa zinapishana sasa zinalaliana. Waya dhaifu unazalisha msongamano wake wenyewe. Hilo si jambo la maji ya mto hata kidogo, na lingetokea hata kama Ruzizi ingekuwa na mitambo ishirini.

Resho angalau ni mnyonge: akipewa kidogo, anachukua kidogo. Mashine ya kusaga mihogo na mahindi haina adabu hiyo. Mota yake, volti zikishuka, huvuta ampea nyingi zaidi ili izungushe jiwe lilelile, na hivyo kuzidi kuzishusha. Tena mota ni koili. Ampea zake huchelewa nyuma ya volti. Mota ya kilowati 10 yenye kipengele cha nguvu (kipimo cha uchelewaji huo) cha 0.7, kwenye fazi tatu za volti 380, huvuta kama ampea 22 mahali ambapo 15 zingetosha, na upotevu kwenye nyaya, unaofuata mraba wa ampea, unakuwa maradufu. Kapasita iliyopimwa vizuri, kopo lisilokuwa na kitu kinachozunguka ndani yake, ingerudisha sehemu kubwa ya hizo ampea saba. Kisha kuna suala la fazi. Kabini hutoa fazi tatu na waya mmoja wa nutro, na mchoraji alikusudia nyumba zigawanywe sawasawa. Baada ya miaka, wateja wakiona fazi yao imelegea humwita fundi awahamishie nyingine, na fundi hufanya kazi yake vizuri kabisa. Wiki inayofuata fazi ile mpya ndiyo inayolegea. Nutro ikikatika katika hali hiyo, nyumba zenye mzigo mdogo zinaweza kupata volti zinazokaribia 380, na ndipo televisheni zinapoungua mtaa mzima kwa usiku mmoja.

Pingamizi la kwanza ni zito: uzalishaji kweli ni mdogo. Ruzizi ya pili, iliyoanza mwaka 1989 chini ya kampuni ya SINELAC, ina kama megawati 44, nazo hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi ya kwanza imepita miaka sitini, na taka za plastiki zinazoelea kutoka ziwani zimewahi kuziba na kusimamisha mitambo yake. Tangu vita vya 1996 na 1998, watu waliokimbia vijiji vya Kivu Kusini wamejaa kwenye vilima vya Bukavu, Bagira ikiwemo. Sina la kukanusha hapo. Lakini upungufu wa uzalishaji huleta delestaji: umeme unakatwa, kisha unarudi. Hauleti volti 170 kwa huyu na 210 kwa yule katika mtaa mmoja saa ileile. Tofauti kati ya nyumba mbili zinazolishwa na kabini moja ni kazi ya waya, na anayezichanganya dalili hizi mbili anatibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Wengine husema kosa ni la wakazi wanaojiunganishia wenyewe. Ni kweli kwamba kila waya wa kuiba huongeza kiunganisho kibovu. Hata hivyo tuangalie mpangilio wa malipo. Kwa muda mrefu nyumba nyingi zimekuwa zikiilipa SNEL, shirika la umeme la Kongo lililoundwa mwaka 1970, kwa kiwango kisichobadilika, bila mita. Anayelipa kiasi kilekile akiwasha balbu moja au resho mbili hana sababu ya kuzima chochote, na shirika lisilo na mita halina namna ya kujua ni fazi ipi imeelemewa. Ujanja wa mkazi na upofu wa mtandao vimelelewa pamoja.

Pingamizi la mwisho hutoka kwa walimu: saketi ni hisabati, na hisabati haina kitongoji. Mwanafunzi ajue kanuni, atazitumia popote. Ningekubali kama kanuni hizo zingezaliwa bila mahali, lakini zilizaliwa kwa sababu ya nyaya ndefu, kebo zilizovuruga ishara na mota zilizokataa kuanza. Kuzifundisha bila waya wowote ni kumnyima mwanafunzi swali na kumpa jibu tu. Katika shule za ufundi za Bukavu, kama Fundi Maendeleo, na katika vyuo vya uhandisi vya Goma, vijana wengi wamekulia mwishoni mwa waya kama wa Bagira. Wana data ambayo Steinmetz hakuwa nayo.

Sasa Ruzizi ya tatu inazungumzwa, megawati 206, nazo ni za nchi tatu. Zikifika Bukavu bila nyaya za mitaa kubadilishwa, nyumba ya mwisho itaendelea kupika kwa wati 600. Kwa hiyo walimu wa saketi wawape wanafunzi wa mwaka wa pili kabini moja ya Bagira: wapime volti na ampea za kila fazi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, wachore fazi zake, wakokotoe kapasita inayotakiwa. Na SNEL iwafungulie mlango wa kabini hiyo.