Nongoloza, farasi aliyepotea na serikali ya gerezani

Siku moja nilimpelekea jirani yetu chakula gerezani. Niliwaza nitakutana na askari tu. Kumbe aliyepokea sahani, aliyeomba pesa ya "kuingia" na aliyeamua jirani atalala wapi, alikuwa mfungwa mwenzake: kapita. Nikarudi nyumbani na swali: serikali hii ya ndani inazaliwa namna gani?

Historia ya Afrika ya Kusini ilinisaidia. Mzuzephi Mathebula, Mzulu aliyezaliwa karibu na mwaka 1867, alikuwa anatunza farasi wa mzungu. Farasi mmoja akapotea. Bosi akadai afanye kazi miaka miwili ili amlipe. Kijana akakataa, akakimbilia Johannesburg, mji wa dhahabu, akawa mnyang'anyi, akajiita Nongoloza. Kundi lake alilipa jina la Ninawi, mji wa kwenye Biblia uliomwasi Mungu.

Kufungwa hakukumzuia. Magereza yalijaa wafanyakazi waliokamatwa juu ya pasi tu, na humo ndimo kundi liliandikisha watu. Walikuwa na mfalme, majenerali, mahakimu, hata madaktari. Na hapa ndipo pananiumiza: vyeo hivyo waliviiga kwa Waboeri na Waingereza, wale wale waliowafunga. Mtu aliyekataa kutumikishwa bure alijenga jeshi ambamo wadogo wanatumikia wakubwa.

Mwaka 1912 Nongoloza alieleza yote mbele ya wakuu wa magereza, na yeye mwenyewe akawa mlinzi. Kundi halikufa. Hadi leo magenge ya 26, 27 na 28 yanamtaja kama babu yao. Wa 26 wanatafuta pesa kwa ujanja, wa 27 wanalinda sheria kwa damu. Wa 28 wanasema wanapigania haki ya wafungwa, lakini ndio wanaogeuza wafungwa wengine kuwa "wake" zao.

Hata neno letu kapita halikuzaliwa gerezani. Wakati wa Leopold II, kapita alikuwa mtu mweusi mwenye bunduki, anayelazimisha kijiji kuleta mpira. Pale serikali haigawi chakula, pa kulala wala ulinzi, anayevigawa ndiye serikali, na anatawala vile alivyotawaliwa.

Jirani yetu alitoka. Miezi ya mwisho alikuwa msaidizi wa kapita. Nilimuuliza kama na yeye alipokea pesa ya wageni. Alinyamaza.