Wachungaji wa Rungwe na Walimu Waliobaki

Ukiiacha barabara ya Tukuyu na kushika njia ya Rungwe Misheni, migomba inakupokea pande zote mbili na mlima umekusimamia mbele. Hapa wamisionari Wamoravia kutoka Ujerumani walijenga kituo chao cha kwanza nchini Unyakyusa mwaka 1891. Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner walikuja kwa mito ya Zambezi na Shire, kisha wakavuka Ziwa Nyasa. Martin alikufa kwa homa Septemba ya mwaka uleule.

Kwa njia hiyohiyo alikuja Alexander Merensky wa Misheni ya Berlin, mtu wa miaka 54 aliyekwisha kufanya kazi miaka mingi Transvaal. Pande hizo mbili zikagawana nchi: Wamoravia magharibi, Berlin mashariki. Ndiyo sababu hadi leo Utengule na Mbozi ni vituo vya Kimoravia, na ukielekea upande wa Iringa unakutana na Ilembula, Kidugala na Pommern, vituo vya Kilutheri. Wenye nchi hawakuulizwa.

Wamoravia wana desturi ninayoipenda sana. Muumini huandika maisha yake kwa mkono wake, ili yasomwe siku ya kuzikwa kwake. Huko Bethlehem, Pennsylvania, mji walioujenga Marekani mwaka 1741, wasifu za namna hiyo zimetunzwa kwa wingi: za wachungaji, za wajane, hata za Waafrika waliofikishwa huko kama watumwa.

Traugott Bachmann, aliyehudumu Mbozi tangu 1899, naye alisimulia maisha yake bila kujisitiri. Alifika akiwa mwepesi wa kuhukumu mila. Miaka ya kukaa na Wanyiha ilimbadilisha, hata akaacha kumlazimisha mwenye wake wengi kuwafukuza kabla ya kubatizwa. Katika wamisionari wote wa kusini, huyu ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa sababu alikubali kufundishwa.

Utengule aliishi Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, aliyewasikiliza wanawake na kuyaandika waliyomsimulia. Bila yeye tusingemjua Chisi, mwanamke aliyetekwa akiwa mtoto, akapita mikononi mwa mabwana mbalimbali, na mwishowe akapata makazi misheni.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland, na kabla ya Septemba yalikuwa yameingia Iringa. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Wakati hawapo, Waskoti wa Misheni ya Livingstonia, kutoka Nyasaland, walisaidia kusimamia, lakini walikuwa wachache na nchi ni pana. Kazi ya kila siku ilibaki kwa walimu na wainjilisti wenyeji: kuwafundisha watoto kusoma, kuongoza ibada, kuzika wafu. Wengi wao hawana hata ukurasa mmoja wa maisha yao katika vitabu tunavyovisoma.

Kama babu yako alikuwa mwalimu wa misheni miaka ile, fungua sanduku lake. Cheti cha ubatizo, daftari la shule, barua, picha: piga nakala, upeleke ofisi ya jimbo au dayosisi yako. Na kama bado yuko mzee anayezikumbuka habari zake, kaa naye uandike mwaka huu.